Nyonga za Fundi Cherehani

Je, umewahi kukaa chini ukashindwa kuinuka mpaka watu wawili wakushike makwapa? Hayo ndiyo yaliyompata fundi cherehani mmoja nyumbani kwa bintiye. Leo, akiwa kwenye treni kurudi huko huko kumwona mjukuu, alikuwa anamsimulia msichana aliyeketi mkabala naye, mwalimu wa yoga. Treni iliyumba taratibu, na mwanga ulipita magotini mwao kama kitambaa chepesi.

"Miaka thelathini ya kukaa, mama," mwalimu akasema. "Misuli ya nyonga imekakamaa. Ukifika, lala chali, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mguu wa pili, uvute paja la huo wa pili polepole kifuani, huku ukipumua."

"Nikijikunja hivyo, mwanangu, nani atanikunjua?"

Mwalimu akacheka. "Ukisikia kuvutika, tulia hapo. Ukisikia kuchomwa, acha."

"Mimi mshono ukibana naufumua siku hiyo hiyo."

"Nyonga hazifumuliwi, mama. Zinabembelezwa, kila siku kidogo."

Fundi akafumba macho, akapumua kwa kufuata mwendo wa treni. Akahisi paja limelegea, au labda ulikuwa usingizi tu.

"Unataka ushone bila maumivu, siyo?"

"Ndiyo."

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Watu wakaanza kuteremsha mizigo. Fundi akamshika mwalimu mkono.

"Hapana, nimekudanganya. Kushona nashona hata na maumivu. Nataka mjukuu wangu akianza kutambaa, anikute chini."