Bwana Alivyoukomboa Mkono Wangu kwenye Sataranji

Bwana asifiwe! Na kama yuko hapa mtu aliyewahi kumpoteza malkia bure, aitikie kwa nguvu zaidi!

Ndugu zangu, mimi ni wa Ruiru, shamba la kahawa. Nilimpenda Wambui, binti wa fundi cherehani hapa Thika. Baba yake alifundishwa sataranji na Wahindi waliokuwa wakimpa kazi, na aliyemtaka binti yake alikaribishwa kwa ubao. Aliniambia wazi, "Kijana, siku utakayonishinda ndiyo tutaongea habari ya Wambui."

Sheria yake: kete ukiigusa, umeicheza. Na mkono wangu, jamani, ulikuwa na haraka! Nikiona kete ya kula, nanyakua, sijaangalia inalindwa na nini. Malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, anaenda hivi hivi! Mzee anacheka mpaka anafuta machozi. "Malkia unamwacha njiani, binti yangu utamtunza?" Na siku hizo za hali ya hatari, kupata pasi ya kutoka Ruiru mpaka Thika ni kubembeleza watu! Nilirudi nikilia kwenye treni. Tena nikasikia kuna karani mmoja ameanza kuja, na anacheza vizuri. Nilijua Wambui anaondoka.

Jumapili moja Wambui akatuletea githeri ya mahindi na maharagwe. Njaa ilikuwa inaniuma kweli, lakini nilikunja mikono, nikafunga macho, nikangoja mzee aombe. Hapo hapo Bwana akanigusa! Mkono unaoweza kungoja mbele ya githeri, utashindwaje kungoja mbele ya kete?

Tulipocheza, nikakunja mikono kila zamu yangu. "Bwana, amenitegea nini?" Mzee akauliza, "Wewe, unaomba ama unalala?" Akaniachia ngome, tamu kabisa! Mkono ukaniwasha. Nikaukunja. Nikaangalia vizuri, kumbe farasi wake anamngoja malkia wangu pale pale! Haleluya! Nikaiacha ile ngome. Mzee akakasirika, akaharakisha, akagusa kete isiyofaa.

"Baba, umeigusa," nikasema.

Ikabidi aicheze, nami nikambana mfalme wake, akakosa pa kukimbilia! Mzee akamlaza mfalme wake ubaoni. Halafu akaita, "Wambui! Weka chai. Huyu ataleta wazee wake."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu asiyedharau hata mchezo! Wewe unayeharibu mambo kwa haraka, kwenye ubao ama nyumbani kwako, mpe Bwana mkono huo leo. Mama watoto, simama wakuone!