Laila Cassimo wa Nhica, na Mwako Uliokuwa Mbali na Kwao

Wasikilizaji wapendwa, mwalimu wetu wa fizika, Laila Cassimo, tumemzika Jumatano. Miaka thelathini na minane. Homa ya siku nne tu. Mungu amrehemu. Yeye nitamsema kwa mapenzi. Wengine nitawasema vingine, mtanivumilia.

Laila alizaliwa Nhica do Rovuma. Nasema Nhica, mshike hapo. Alisomesha hapa Palma. Mchana, darasa likitoka, alifungua komputador akatazama picha za anga alizotumiwa na wenzake wa ng'ambo. Huko mbali nyota mbili zilizokufa hugongana. Hutoka mwako wa miale ya gama, haufiki hata sekunde mbili, umekwisha. Kazi ya Laila ilikuwa kutafuta mwako ule kwao ni galaksi ipi, yaani mji upi wa nyota. Kazi ngumu hiyo. Nyota zile huweza kusukumwa zikatoka kwao, zikasafiri mamilioni ya miaka, zikagongana ugenini.

Diretor wake, mkuu wa shule, bwana Arsénio, aliuona huo upuuzi. Alimwambia mbele ya walimu wote, "Nyota zinakuhusu nini wewe? Shika chaki." Huyo ndiye msomi tuliyepewa. Kile chumba cha shule chenye intaneti, alimofanyia Laila kazi yake, akakifunga, akajaza humo viti vibovu. Laila akahamia barazani kwa kaka yake, Hamido.

Mwaka jana ukaonekana mwako mmoja. Wakubwa wa ng'ambo wakaona kidoa hafifu, galaksi ndogo, jirani yake kabisa, wakasema kwao ni hapo. Laila akakataa. Hamido anakumbuka: "Aliniita, nikaacha wavu wangu. Akaniambia, kaka, vidoa hivi vimejaa picha nzima, hukosi kimoja cha kuwa karibu. Galaksi kubwa kama hii ya pembeni ni moja tu. Kwao ni huku, ingawa ni mbali."

Akapiga hesabu, akapeleka. Wakambishia miezi mitatu. Vipimo vya umbali vilipotoka, kile kidoa kilikuwa nyuma mno ya mwako, hakihusiki hata kidogo. Laila alisema kweli. Narudia, mwalimu wa Palma, barazani kwa kaka yake, alisema kweli.

Sasa Jumatano, mnajua nani alikuwa mbele msibani? Arsénio. Tai shingoni. Na kibao kimeshaandikwa: "Binti wa Shule Yetu." Akataka Laila azikwe pale karibu na shule, wageni wapate pa kupigia picha. Maofisa aliokuja nao wakaitikia, kila mmoja ghafla rafiki wa marehemu. Watu wazima hao, hawana hata haya. Wasia wa Laila ulikuwa azikwe Nhica, kando ya baba yake. Hakuna aliyeuliza.

Mama yake, Bi Atija, akatoka ndani, akamwambia taratibu, "Diretor, ahsante kwa kuja. Wewe ulikuwa karibu naye tu. Mwanangu ana kwao."

Hamido na wenzake wakabeba jeneza, wakalipandisha garini, wakaondoka. Arsénio akabaki uani na kibao chake mkononi.

Bi Atija, Hamido, na nyote wa Nhica, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe msikilizaji, ukienda msibani, kabla hujakaa mbele, jiulize marehemu alipokuwa hai ulimfungulia mlango upi.

Na bwana Arsénio, kama unatusikia: leo asubuhi nilipita pale shuleni. Viti vibovu bado vimo.