Filimbi ya Barabara ya Malaba

Wapendwa, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Wengi mnanijua kama mama wa nguo za watoto pale sokoni. Wengine mnanijua kama yule mama anayepita na wanawake wenzake kwa baiskeli Jumamosi asubuhi, helmeti kichwani na leso kiunoni. Leo sina nguo ya kuuza. Nimekuja kuwaambia vile nilianguka, na vile niliinuliwa.

Kundi letu lilianza kwa sababu ya presha. Kliniki waliniambia nifanye mazoezi. Kukimbia magoti yalikataa, lakini baiskeli nimeendesha tangu nikiwa msichana, nikibeba ndizi kwa kerio ya nyuma. Nikamvuta jirani, jirani akamvuta shemeji yake, tukawa kundi. Tulikuwa tunatoka Busia mjini kukipambazuka, tunapita Alupe, tunakunywa chai Adungosi, halafu tunarudi kabla soko halijachangamka.

Mimi ndiye nilikaa mbele. Na ndugu zangu, nawaambia, kukaa mbele si cheo, ni mzigo. Ukiona shimo, unanyoosha mkono chini, na wa nyuma anapitisha ishara hadi wa mwisho. Ukisikia trela, unapaza sauti, "Gari!" na wote wanaingia mstari mmoja. Asiye na helmeti haendi. Ambaye breki zake hazishiki, haendi. Walikuwa wananiita mwalimu wa zamu, lakini walivaa.

Kati yetu kulikuwa na mama mmoja fundi wa cherehani ambaye hasikii. Homa ilimchukulia masikio akiwa mtoto mdogo. Alipoomba kujiunga, wengine waliogopa. Walisema barabara hii ya matrela si ya mtu asiyesikia honi, na hawakusema kwa ubaya. Mimi nilisema ataendesha nyuma yangu kabisa, nitakuwa masikio yake. Ishara nyingi za mikono tulizokuwa nazo ni yeye alitufundisha. Hata jina la ishara alinipa: kidole kinachopita chini ya kidevu, kama kamba ya helmeti.

Sasa, asubuhi moja tulikuwa tunarudi kutoka Adungosi. Barabara kavu, jua zuri. Niligeuza shingo kidogo upande wa kulia kama kawaida yangu, nikaona ni peupe, nikaingia kidogo ndani kukwepa shimo. Kumbe trela lilikuwa pale, karibu kabisa. Halikunigusa. Upepo wake peke yake ulinichukua na baiskeli yangu ukanitupa mtaroni. Walio nyuma walikuwa wameliona, wakasimama. Hakuna mwingine aliyeanguka, Mungu ni mwema.

Dereva alisimama mbele, akarudi akikimbia. Yeye na akina mama walinibeba mpaka nikafika hospitali, mfupa wa bega umevunjika.

Daktari aliuliza ilikuwaje sikuona gari kubwa hivyo. Nikamwambia halikuwepo. Akaweka kiganja chake juu ya jicho langu la kushoto.

"Mama, unaniona?"

Ndugu zangu, kulikuwa mchana, lakini mimi nilikuwa gizani. Niliona tu kama moshi.

Walinieleza kwamba ni presha ya macho. Inakula polepole, haiumi, na jicho zima linalifichia lile jingine, kwa hiyo mtu hajui. La kulia lilikuwa limeenda na halitarudi. La kushoto wangelishika kwa dawa ya matone kila siku.

Mfupa uliunga. Roho ndiyo ilikataa kuunga. Nilikuwa namimina chai nje ya kikombe. Nilikuwa nagonga bega mlangoni, nyumbani kwangu mwenyewe. Mume wangu alianza tu kunishika mkono na kuuweka kwenye kikombe, kila asubuhi, polepole, kama mtu anayefundisha mtoto. Lakini usingizi ulikuwa unaniruka nikiwaza: wale wanawake wote wana watoto, na walikuwa wananifuata mimi. Kama wangenifuata mpaka kwenye lile trela?

Nilimwambia mume wangu apeleke baiskeli kwao Moding, wapewe. Alisema sawa. Hakuipeleka. Aliifunika gunia nyuma ya nyumba. Akina mama walikuja, nikawaambia wachague mwingine. Walisema watangoja. Jumamosi zikawa zinapita hakuna anayetoka. Mimi nikawa mtu wa ndani, hata sokoni nilituma dada yangu.

Alasiri moja yule mama fundi akaja. Nilimkaribisha kiti. Nikamwambia kwa ishara kwamba mimi sioni, mimi nimekwisha. Yeye akagusa masikio yake, akatikisa kichwa. Akagusa masikio yangu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akagusa macho yake mawili. Halafu akashikanisha vidole vyake, hivi.

Nikamuuliza, na kama utaumia kwa sababu yangu?

Alinitazama kama mtu aliyekasirika kidogo. Mikono yake ikasema: Wote waliniogopa. Wewe ulinichukua.

Jamani, nililia. Nililia mpaka mume wangu akaja mlangoni kuona kuna nini. Alipotuona, alienda nyuma ya nyumba, nikasikia gunia likitolewa, halafu nikasikia pampu.

Lakini sikuruka juu ya baiskeli siku ileile. Nilirudi kwa daktari nikamuuliza waziwazi. Alisema wapo watu wengi wanaoendesha na jicho moja, ila nijifunze upya: nigeuze kichwa chote, si jicho peke yake, nisiamini umbali ninaouona, na nianze mahali pasipo na magari. Basi tulienda kwa wakwe, Moding, kwenye njia za udongo katikati ya mihogo na mahindi. Mama fundi alikuja nami. Nilianguka, nikaamka. Nilimgonga mbuzi wa mama mkwe. Mbuzi alipona, na mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Niliporudi kwa kundi walitaka nikae mbele kama zamani. Nikakataa. Niliwaambia upendo wenu naupokea, lakini mbele kwenye lami panataka mtu anayeona kulia na kushoto. Tukamweka dada mmoja msusi, ana macho ya mwewe na hana haraka. Mimi nachagua njia, nakagua breki na helmeti, halafu nakaa karibu na nyuma. Wa mwisho kabisa ni mama fundi. Amefunga kioo kwa usukani, na shingoni ana filimbi. Akiona gari linakuja nyuma yetu, anapuliza. Mimi nasikia, napaza sauti mpaka mbele.

Hebu fikirini. Anapuliza filimbi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

Tulikuwa na ndoto ya kufika Malaba, tuguse mpaka, tupige picha. Tulijitayarisha. Siku tuliyoenda, tulipokaribia mji tukakuta foleni ya matrela, yamejaa upande wetu, na boda zinachomoka katikati yake kama panya. Tulikuwa tumebakisha kidogo sana. Nikapaza sauti, nikamwambia msusi asimamishe.

"Shukeni. Tutasukuma."

Dada mmoja alikasirika. Alisema tumefanya mazoezi yote hayo ndiyo tuingie Malaba kwa miguu, watu watucheke. Nikamwambia, "Dada, nyumbani wanakungoja wewe. Hawangoji sifa."

Alishuka. Wote tulishuka, tukasukuma baiskeli nje kabisa ya lami, kwa vumbi. Na kweli madereva walitucheka kidogo. Lakini mmoja aliyekuwa anachemsha chai kando ya trela lake aliacha sufuria, akasimama barabarani, akainua mkono kuzuia boda mpaka wa mwisho wetu akapita kuingia mjini. Na tulipokuwa tunapita, yule dada aliyekasirika alikuja upande wangu wa kulia, upande usioona, akanishika kiwiko. Hakuna aliyemtuma.

Ndugu zangu, ninalowaachia ni hili. Kiongozi wa safari haulizwi alifika saa ngapi. Anaulizwa alirudi na nani. Na kama nguvu uliyokuwa nayo imepungua, kasoro hiyo usijifiche nayo ndani ya nyumba, na pia usiifiche barabarani. Iseme, wenzako wajue mahali pa kukushika. Na tafadhali, nendeni mpimwe macho.

Namshukuru daktari. Namshukuru yule dereva aliyerudi mbio badala ya kukimbia. Nawashukuru wanawake wangu walioningoja, na mume wangu, ambaye alinitii kwa kila kitu isipokuwa ile baiskeli.

Na yule mama fundi amekaa pale, safu ya tatu, gauni la bluu. Naona mnataka kupiga makofi. Msipige, hatayasikia. Inueni mikono yenu yote miwili juu, mfungue vidole, muitikise. Hivyo. Hivyo hivyo. Msishushe bado, wacha awatazame.