Mama Annastella na Mkungu wa Kumpima Dalali

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Mama Annastella Rugemalira, mshauri wa wanachama katika Saccos yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianza kama karani Muleba, akahamia ofisi ya Miembeni, Bukoba, na kote alikopita aliacha wanachama wenye akiba na wenzake wenye hofu ya kuchelewa.

Miaka ya karibuni wanachama walianza kununua hisa za bei ya chini za kampuni za migodi kupitia madalali wa mtandaoni. Mama hakuwakataza, mwenyewe anazo kidogo. Aliwasisitiza wahakikishe dalali ana leseni, waulize makato yake, na wajaribu kutoa pesa kidogo kabla ya kuweka nyingi. Kisha akabuni kipimo chake. Humpigia dalali simu, akamwambia anataka kumtumia mkungu wa ndizi kwa basi, hivyo amwelekeze ofisini kwake. Dalali mmoja wa Dar es Salaam alieleza mpaka ghorofa, na mkungu akaupata kweli. Tulicheka sana.

Siku ya Bwana Buberwa hatukucheka. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa kibanja cha marehemu baba yake, yaani nyumba na shamba la migomba, kule Muleba, ambako mama yake mzee bado aliishi. Kwa pesa hizo alitaka hisa za mgodi wa dhahabu kwa dalali aliyesifiwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na kwake sifa ya wanakwaya ilizidi leseni. Mama Annastella akapiga simu mbele yake. Dalali akajibu kwamba ndizi ni usumbufu, atumiwe thamani yake kwa simu. Buberwa alikasirika, akamwita Mama mwenye wivu, lakini mauzo akayaahirisha. Mwezi haukuisha, dalali akatoweka na pesa za wanakwaya.

Mama yake Buberwa hakuambiwa lolote kuhusu mauzo yale. Mwaka jana alifariki, akazikwa kando ya mumewe kibanjani. Mama Annastella aliongoza nyimbo, na Buberwa, ambaye ndiye ametuomba tuyaandike haya, alimshika mkono mpaka mwisho wa ibada.

Mama yetu, tunakupenda. Asante kwa kutukatalia pale tulipotamani kukubaliwa. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya raha nyumbani Maruku, pamoja na wajukuu. Wapo wazee wanaolala kwao leo bila kujua kwamba ni wewe uliyewabakishia nyumba.