Wimbi na Ndengu

Lazarus hakupenda kusikiliza maneno ya wanawake, lakini kiti cha basi hakina mlango. Jioni hiyo ya mwaka 1974, basi lilipotoka Westlands, mama aliyekaa mbele yake alimgeukia jirani asiyemjua, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, pamba yako imepanda mpaka begani."

Yule dada alishika kifua haraka.

"Usione haya. Mimi ni Naliaka. Walinikata titi pia. Sasa kwa sidiria nimeshona kifuko cha wimbi, hii ya uji. Pamba ni nyepesi, lakini wimbi inatulia."

"Naitwa Kavata. Kwetu Ukambani tungeweka ndengu."

"Ndengu itakukwaruza."

"Na wimbi itamea ukinyeshewa."

Lazarus, aliyelima wimbi tangu utotoni, alitaka kuamua kesi hiyo, lakini akageukia dirisha.

Kavata akaisukuma pamba mahali pake. "Lakini mama, ugonjwa umeingia mgongoni. Daktari anasema hautatoka. Nishone kifuko cha nini?"

"Wangu uko kwa mbavu tangu mwaka juzi," Naliaka akasema. "Alhamisi tunakutana wanne kwa Caren, msusi wa Kenyatta Market. Tunasukana, na anayetaka kulia analia. Ijumaa kila mtu anarudi kazini."

Basi likasimama Kangemi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na Naliaka akainuka ashuke, akajifunika leso kifuani.

"Funika vizuri shamba lako," Kavata akamwambia. "Alhamisi nitaleta langu la ndengu, tuone litakalomea kwanza."