Jino la Brás

Kijiwe chetu ni ubao mmoja nje ya duka la mvinyo la Aldonça, bandarini Lagos, kusini mwa Ureno. Ukinywa pale unanusa lami. Wenyewe ni mimi, pamoja na Lopo Lami fundi wa kuziba meli, Mendo mvuvi, na Brás tuliyembandika jina la Jino. Asubuhi meli yake inang'oa nanga kwenda kupita Rasi ya Bojador, ambako hajarudi mtu, jino lilimshika ghafla, nafasi yake akapewa Tomé. Mwaka umepita sasa, hatujaona hata kipande cha tanga.

— Wameshakwisha hao, akasema Lopo. Nyuma ya Rasi hakuna bahari, ni matope matupu. Meli inakwama, mnakufa njaa.

— Matope wapi! akadakia Mendo. Maji yanachemka, bwana. Samaki wanaelea wameshaiva.

— Sasa njaa itoke wapi?

— Kwani wewe umeona nini zaidi ya tako la meli?

Jino akagonga kikombe.

— Watoto nyie! Kuna mlima wa sumaku. Unachomoa misumari yote, meli inafumuka. Chini lipo dude linangoja. Halimezi, linatafuna. Tomé na unene ule halikummaliza siku moja.

Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka. Kumbe Violante, mkewe Tomé, amesimama nyuma yetu na jagi mkononi.

— Shemeji! Karibu, akasema Jino.

— Nimefuata siki tu ya kushikisha rangi, kaka Brás. Mama mkwe ameshabandika sufuria ya rangi nyeusi, anataka gauni langu liingie leo, nivae kama mjane. Nimekataa mwaka mzima.

— Pole, shemeji.

— Nikuulize. Hayo ya mlima na dude, siku ile unampa mume wangu nafasi yako, ulikuwa unayajua?

Lopo akainamia kikombe chake.

— Kama ulikuwa hujui, sema umetunga. Sema tu, kaka. Nitarudi nikaimwage ile rangi.

Jino akashika shavu, palepale pa siku ile. Akisema alijua, amemuua Tomé. Akisema ametunga, jino lile la ghafla litamsuta; hakuna atakayemwamini, hata yeye mwenyewe.

Violante alimngoja mpaka Aldonça akamaliza kumjazia jagi. Kisha akaondoka.

Jioni napita kwao Violante, gauni liko kambani, linadondosha maji meusi.