Shangazi Aliyeifundisha Kompyuta Kujulia Hali

Tarehe 30 Juni mwaka huu, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha saratani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake limo kwenye barua za ofisi, lakini ukilitaja pale mapokezi watabaki kutazamana. Hapa yeye ni Shangazi. Wagonjwa wanamwita Shangazi, madaktari wanamwita Shangazi, na mkurugenzi akiwa na ombi gumu huanza na "Shangazi yangu mpenzi." Mimi ni mfamasia wa kitengo, jirani yake ukuta kwa ukuta, na nimepewa kazi hii ya kuandika kwa sababu, kama walivyosema wenzangu, hakuna aliyekunywa chai yake nyingi kunishinda.

Alianzia wodi ya watoto, akapitia chumba cha upasuaji, kisha akaomba mwenyewe kuletwa kwetu. Wakati huo kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye viti vichache vya dripu na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Mama yake mdogo aliwahi kutibiwa kwenye chumba hicho, na Shangazi hakupenda jinsi kila mtu alivyouzungumzia ugonjwa huku mgonjwa mwenyewe akisikiliza kama mpita njia. Wiki ya kwanza alivigeuza viti vyote vitazame dirishani badala ya ukutani. Wiki ya pili akambembeleza fundi umeme mpaka feni ikashika adabu.

Kompyuta hazikumvutia hata kidogo. Alibonyeza kila herufi kwa kidole kimoja kama anayeua siafu, na barua pepe zake zilikuja kwa herufi kubwa tupu, tukawa tunaulizana nani kamuudhi. Kwa hiyo mkurugenzi alipotangaza kwamba wagonjwa wataanza kueleza dalili zao kwa simu au kishikwambi, hata wakiwa nyumbani, Shangazi alisema waziwazi kuwa wazee hawataweza. Alikosea. Bibi mmoja muuza maua, aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi, alishika kishikwambi, akamaliza maswali yote, halafu akaomba aonyeshwe namna ya kumpigia mjukuu wake kwa video. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo hakuna aliyeupigia debe mfumo ule kama yeye.

Lakini majibu yalianza kumtia wasiwasi, maana yalikuwa mazuri mno. Watu waliokuwa wakitapika kutwa walionekana kwenye skrini wazima kama kigongo. Alimwendea mtaalamu wetu wa mifumo, mama wa mapacha aliyekuwa akifika kazini usingizi ukiwa bado machoni, wakayapitia maswali pamoja.

"Mwanangu, hapa umewasalimia," Shangazi akamwambia. "Umeandika 'Hujambo leo?' Mtu akiulizwa hujambo, atajibu nini zaidi ya sijambo?"

"Sasa tuwaulizeje?"

"Tuwaulize mwili. Chakula kinashuka? Ngazi unapanda bila kupumzika?"

Shangazi akaenda kuandika, akarudi na maswali zaidi ya arobaini. Mtaalamu naye hakumwonea haya. "Shangazi, huyu mtu amechoka. Ukimuuliza yote haya atazima simu alale." Walivutana mchana kutwa, yakabaki tisa. Moja Shangazi alilipigania lisiguswe: "Ni jambo gani usingependa ugonjwa ukunyang'anye siku hizi?" Daktari bingwa wa kitengo alikuna kichwa, kwa kuwa jibu la swali kama hilo halina kipimo. Hata hivyo alikubali lijaribiwe.

Miongoni mwa wagonjwa wetu alikuwapo fundi cherehani aliyekuwa na saratani ya utumbo mpana. Mtu wa mizaha. Akiingia tu, anawapima wauguzi kwa macho na kuwatangazia nani kaongeza kiuno. Kila alipoulizwa hali, alikuwa salama salimini. Kisha jioni moja, akiwa nyumbani, alijibu yale maswali mapya kwenye simu ya binti yake. Palipoulizwa kama anaweza kujifunga vifungo vya shati, alibonyeza "Siwezi." Na kwenye lile swali la Shangazi aliandika: "Kushona gauni la binti yangu. Anaolewa."

Asubuhi jibu lile la vifungo lilikuwa linawaka jekundu kwenye skrini ya kitengo. Shangazi alipiga simu mkoba ukiwa bado begani.

"Kaka, vidole vina nini?"

"Vimekufa ganzi, Shangazi. Sindano ikinichoma sisikii."

"Na hukusema?"

"Niliogopa mtaniachisha dawa. Dawa ndiyo uhai wangu."

"Uhai ni wako, na mikono pia ni yako. Njoo na binti tuzungumze."

Walikuja. Daktari bingwa aliwaeleza bila haraka kwamba dawa moja kwenye dripu yake ndiyo iliyokuwa ikiumiza mishipa ya fahamu ya vidole. Ingeweza kusimamishwa, nyingine ikaendelea, na matibabu yasikatike. Hakuwaficha kwamba ganzi huenda isiishe yote. Fundi aliuliza maswali yake, akamtazama binti yake, akachagua. Dripu mpya niliiandaa mimi, na Shangazi alisimama mlangoni kwangu akinichunga utadhani natengeneza keki ya harusi.

Taratibu vidole vilirudi, si vyote, lakini vya kutosha kuongoza kitambaa chini ya mashine. Vifungo vidogo alivishona binti, baba akimsimamia na kumkosoa. Harusi ilipokaribia walituletea gauni. Bibi harusi alilivaa kwenye chumba cha wauguzi, akatokea katikati ya viti vya dripu, na wagonjwa wakapiga vigelegele huku mirija ikicheza mikononi. Daktari bingwa alijidai anatafuta miwani yake, ilikuwa usoni. Fundi alimaliza tiba, na sasa anakuja kupimwa tu na kuwasema watu viuno.

Mfumo huo leo unatumika katika vitengo vitatu vya hospitali yetu. Homa na kutapika tunavijua mapema, na wanaokimbizwa hapa wakiwa hoi wamepungua. Hospitali ilipompa Shangazi tuzo, alikataa kupanda jukwaani mpaka mtaalamu wa mifumo apande naye, pacha mmoja kila mkono. Kwa wauguzi wapya ameacha agizo moja: skrini ikiwaka, mtu ampigie mtu.

Anakwenda wapi sasa? Anajifunza kuendesha gari. Katika somo la kwanza aliona mgonjwa wake wa zamani akivuka barabara, akasimamisha gari palepale, akashusha kioo na kuanza kumuuliza habari za nyumbani, foleni nzima ikimpigia honi na mwalimu ameshika kichwa. Mume wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kabla yake, ametuambia kwamba yeye ataendelea kutembea kwa miguu, kwa ajili ya afya.

Shangazi, asante kwa kutufanya tusikie yale ambayo wagonjwa walikuwa wanayameza. Asante kwa kelele, kwa ukali na kwa vicheko. Kitengo kizima kinakuombea afya tele, usingizi usiokatizwa na simu, na barabara nyeupe mbele yako. Ukija kututembelea na gari lako, tutafurahi sana. Ila tafadhali egesha mbali kidogo na dirisha langu la dawa.